Kuhudhuria Fiziotherapia: Mara Ngapi, Muda Gani na Lini Kuacha
Mwongozo kwa wakazi wa Kipatimu na vijiji vya Umatumbi

Fiziotherapia, ambayo katika hospitali nyingi za Tanzania huitwa pia tiba ya viungo au mazoezi tiba, ni tawi la tiba linalorejesha uwezo wa mwili kujongea kwa njia ya mazoezi, mafunzo ya mkao na vifaa saidizi, nalo ni sehemu ya huduma pana zaidi iitwayo utengamao, yaani shughuli zote zinazomwezesha mtu aliyeumia au kuugua kurudi katika kazi na maisha yake kadiri inavyowezekana. Mgonjwa anayeandikiwa huduma hii huuliza mambo mawili kabla ya mengine yote: atahudhuria mara ngapi kwa wiki, na itamchukua miezi mingapi. Kwa mkazi wa Kipatimu, Nandete, Chumo au Kandawale maswali hayo si ya udadisi, kwa kuwa kila hudhurio lina nauli yake ya bodaboda, linakula siku nzima ya shamba, na mara nyingi linamlazimisha ndugu wa pili kuacha shughuli zake ili amsindikize mgonjwa. Na pale rufaa inapovuka hospitali ya misheni ya Kipatimu na kuelekea Kinyonga huko Kilwa Kivinje, Sokoine mjini Lindi, au Muhimbili na CCBRT jijini Dar es Salaam, gharama ya kulala na kula ugenini huongezeka juu ya nauli.

Jibu la msingi, ambalo sehemu zilizobaki za mwongozo huu zinalifafanua kwa kila hali, ni kwamba dozi ya fiziotherapia haihesabiwi kwa safari za kwenda hospitali bali kwa marudio ya zoezi sahihi yanayofanywa kati ya safari moja na nyingine. Hudhurio lina kazi tatu tu: kupima mgonjwa amefika wapi, kumfundisha zoezi mpaka alifanye vizuri bila kusimamiwa, na kupandisha ugumu wa zoezi pale lile la zamani linapokuwa jepesi. Mgonjwa anayekwenda kliniki mara tatu kwa wiki na kukaa nyumbani bila kujongea amepokea tiba kidogo kuliko yule anayekwenda mara moja kwa wiki mbili na kufanya kazi yake kila siku. Ziko hali chache ambazo kanuni hiyo haitoshi, na kiharusi ni ya kwanza kati ya hizo.

Sababu ya muda kuwa mrefu imo katika namna mwili unavyojijenga. Nguvu inayoonekana kuongezeka katika wiki mbili au tatu za mwanzo hutokana zaidi na mishipa ya fahamu kujifunza upya kuiamrisha misuli, kabla misuli yenyewe haijanenepa. Unene wa misuli huonekana dhahiri baada ya wiki 6 hadi 8 za mazoezi yanayoongezwa uzito hatua kwa hatua, na kano, yaani nyuzi ngumu zinazoufunga msuli kwenye mfupa, huhitaji takriban wiki 12 na mara nyingine zaidi. Programu ya mazoezi ya kano ya kisigino iliyochapishwa mwaka 1998 na daktari Håkan Alfredson wa Uswidi ilimtaka mgonjwa afanye marudio 180 kila siku kwa wiki 12, hesabu ambayo hakuna kliniki duniani inayoweza kuisimamia ana kwa ana. Kwa hiyo mtu anayeacha baada ya wiki ya tatu kwa hoja kwamba haoni nafuu ameacha kabla ya mwili wake kupata nafasi ya kujibu.

Ratiba ya mahudhurio

Hudhurio la kwanza ndilo refu kuliko yote na huchukua kati ya dakika 45 na saa nzima, kwa sababu mtaalamu husikiliza historia, hupima nguvu na mjongeo wa viungo, kisha hufundisha mazoezi machache. Yanayofuata huweza kuwa ya nusu saa. Mpangilio unaofaa kwa hali nyingi ni ule unaoweka mahudhurio mengi mwanzoni na kuyapunguza kadiri mgonjwa anavyojitegemea, kwa mfano mara mbili au tatu kwa wiki katika wiki mbili za kwanza, mara moja kwa wiki katika mwezi unaofuata, kisha mara moja kwa wiki mbili, na mwishowe mara moja kwa mwezi hadi lengo lifikiwe. Mgonjwa anayeishi mbali anaweza kuubana mwanzo huo zaidi: badala ya kusafiri mara sita katika wiki mbili, anafikia kwa jamaa aliye karibu na hospitali kwa siku tano au sita, anahudhuria kila siku, anarudi nyumbani akiwa ameyamiliki mazoezi, na hudhurio linalofuata linawekwa baada ya wiki tatu au nne. Ni jambo la kuombwa waziwazi, kwa kuwa mtaalamu anayepanga tarehe kwenye kadi hajui nyumba ya mgonjwa iko upande gani wa vilima mpaka aambiwe.

Kabla ya kuondoka siku ya kwanza mgonjwa anapaswa kuwa na majibu ya maswali manne. La kwanza ni jina la tatizo kwa Kiswahili anachokielewa; la pili ni lengo, likitajwa kwa tendo na si kwa maneno ya jumla kama "kupona"; la tatu ni muda ambao mtaalamu anakadiria lengo hilo litafikiwa; na la nne, ambalo husahaulika zaidi, ni dalili zipi zitaonyesha kwamba mpango haufanyi kazi na unatakiwa kubadilishwa. Majibu hayo yaandikwe katika lile daftari la shule ambalo wagonjwa wengi hulitumia kama kumbukumbu ya kliniki, pamoja na michoro ya mazoezi na namba ya simu ya idara. Mwenye bima, iwe ya NHIF au ya mfuko wa CHF iliyoboreshwa, aulize mapema kama huduma yenyewe inalipiwa, kwa ngazi gani ya hospitali na kwa mahudhurio mangapi, kwa kuwa barua ya rufaa inayosahaulika nyumbani inaweza kuifanya safari nzima iwe kazi bure.

Mazoezi matatu au manne yanayofanywa kila siku yana faida kuliko kumi na mawili yanayofanywa Jumapili. Mgonjwa anayepewa orodha ndefu ana haki ya kumwuliza mtaalamu ni yapi mawili yasiyopaswa kuachwa hata siku ya kazi nyingi.

Mfupa uliovunjika

Mivunjiko ya mifupa ya ajali za bodaboda, na ile ya kuanguka kutoka kwenye mnazi, mkorosho au mchungwa wakati wa kuvuna, ina ratiba inayotawaliwa na mfupa wenyewe. Kifundo cha mkono cha mtu mzima kwa kawaida huunga katika wiki 6 hivi, paja huhitaji takriban wiki 12, na mfupa wa muundi mara nyingi wiki 12 hadi 16, huku mtoto mdogo akihitaji muda mfupi zaidi. Fiziotherapia huanza kabla ya plasta ngumu, ambayo wengi huiita hogo, kutolewa: vidole vilivyo nje ya plasta hukunjwa na kunyooshwa mara kwa mara mchana kutwa, bega la mkono uliofungwa huinuliwa, na misuli ya paja hukazwa na kulegezwa hata kama goti haliwezi kujongea. Aliyevunjika paja na kulazwa akivutwa mguu kwa uzito unaoning'inizwa mwishoni mwa kitanda hana sababu ya kulala kama gogo kwa miezi mitatu, kwani ipo namna ya kuvuta, inayojulikana kwa jina la daktari Perkins, inayoruhusu goti likunjwe kitandani kila siku, na ndugu anayeuguza anafaa kuuliza kama inawezekana kwa mgonjwa wake.

Baada ya plasta kutolewa, wengi hudhani kwamba ndipo mahudhurio mengi yanapoanza, na hapa ushahidi unampa nafuu mgonjwa wa mbali. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2015 juu ya watu 214 waliovunjika kifundo cha mguu uligundua kwamba wale waliopewa programu ya mazoezi yenye kusimamiwa hawakupata nafuu kubwa kuliko wale waliopewa ushauri mzuri mara moja na kuachwa waendelee wenyewe. Matokeo kama hayo yalipatikana Uingereza mwaka 2021 katika utafiti wa watu 708 wenye maumivu ya misuli ya bega, ambapo hudhurio moja la ushauri wa kina halikuzidiwa na mahudhurio hadi sita. Maana yake si kwamba mazoezi hayana kazi, kwa sababu makundi yote yalifundishwa mazoezi. Maana yake ni kwamba kwa tatizo lisilo na utata, mgonjwa aliyefundishwa sawasawa hahitaji kusimamiwa kila mara. Mwenye mvunjiko uliopita ndani ya kiungo, aliyefanyiwa upasuaji wa kuwekewa chuma, au ambaye vidole vyake vimevimba na kung'aa na kuuma kupita kiasi baada ya plasta, yuko nje ya hesabu hiyo na anahitaji kuonwa mara kwa mara.

Kiwiko kinastahili onyo la peke yake. Kiwiko kilichovunjika au kuteguka hukakamaa upesi, na ndugu wenye nia njema hukichua kwa nguvu na kukinyoosha kwa kukivuta ili "kifunguke". Matendo hayo huweza kuufanya mfupa mpya uote ndani ya msuli, na kiungo kikafungwa kabisa. Kiwiko hujongezwa na mwenyewe, polepole, mara nyingi kwa siku, wala hakivutwi na mtu mwingine. Kuchua kwa mafuta ya nazi mahali pengine, pasipo na mvunjiko mbichi wala uvimbe wa moto, hakuna madhara na huweza kupunguza maumivu kwa saa chache, ila hakuhesabiki kuwa zoezi. Na mganga wa kuunga mifupa anayefunga vijiti kwa kubana sana, mpaka vidole vikawa baridi au vikabadilika rangi, anahatarisha mkono wenyewe.

Lengo hupimwa kwa maisha ya mahali

Swali la muda haliwezi kujibiwa bila kujua mgonjwa anarudi katika maisha gani. Vitabu vingi vya fiziotherapia vimeandikwa kwa ajili ya mtu anayekaa kwenye kiti, anayetumia choo cha kukalia na anayepanda ngazi, na mtu huyo akishaweza kukunja goti lake nyuzi 100 au 110 huruhusiwa kwenda zake. Goti la nyuzi hizo halimtoshi mwanamke wa Kipatimu anayekaa juu ya mbuzi kukuna nazi, halimtoshi yeyote anayechuchumaa chooni, wala halimtoshi anayeswali kwa kusujudu na kukaa kikao cha tahiyatu, kwa kuwa matendo hayo yote hudai goti likunjwe zaidi ya nyuzi 120 na nyonga zifunguke vya kutosha. Mkulima wa ufuta anayepanda dungu ili kulinda shamba dhidi ya nguruwe na nyani ana dai lingine tena, la kuweza kuubeba uzito wake wote kwa mguu mmoja juu ya ngazi ya miti. Ndiyo maana mgonjwa anapaswa kuyataja matendo haya kwa majina yake katika hudhurio la kwanza, bila haya, hata kama hakuulizwa, na mtaalamu anayeyasikia atarefusha mpango kwa wiki kadhaa kwa haki. Hapo ndipo ubora wa mtaalamu unapoonekana: aliye makini humkalisha mgonjwa kwenye mbuzi ya kweli kabla ya kumfungia faili.

Maendeleo ya goti yanaweza kupimwa nyumbani bila chombo chochote. Mgonjwa hukaa mkekani akiwa ameegemea ukuta, huburuta kisigino kuelekea kwenye tako mpaka kinapogoma, kisha mtu mwingine hupima pengo lililobaki kwa shibiri na vidole. Kipimo hicho huandikwa daftarini kila Ijumaa, na kikikaa palepale kwa wiki tatu mfululizo licha ya mazoezi ya kila siku, tarehe ya kliniki isingojewe. Nguvu ya miguu hupimwa kwa kuinuka kwenye kiti cha kawaida mara tano mfululizo bila kushika popote, huku saa ya simu ikihesabu sekunde. Mtaalamu anayeletewa namba kama hizi hutumia dakika zake kupandisha ugumu wa zoezi, na hudhurio moja huwa na kazi ya mawili.

Kiharusi

Kiharusi, yaani kuharibika kwa sehemu ya ubongo baada ya mshipa wa damu kuziba au kupasuka, ndiyo hali ambayo hesabu ya mahudhurio hubadilika. Utafiti uliofanyika kati ya 2003 na 2006 katika wilaya ya Hai na katika sehemu ya Dar es Salaam ulionyesha kwamba kiharusi si ugonjwa wa nchi tajiri peke yake, kwani kiwango cha Dar es Salaam, baada ya kusawazishwa kwa umri, kilikuwa takriban watu 316 kwa kila 100,000 kwa mwaka, ambacho ni kikubwa hata kikilinganishwa na Ulaya. Ubongo uliojeruhiwa hujipanga upya kwa kurudia tendo mara nyingi sana, na sehemu kubwa ya nafuu hupatikana katika miezi mitatu ya kwanza, ikiendelea kwa kasi ndogo hadi mwezi wa sita na hata baada yake. Mwongozo wa kitaifa wa Uingereza, ambao hapo awali ulitaka dakika 45 za kila aina ya tiba kwa siku, tangu 2023 unataka angalau saa tatu za tiba kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa mgonjwa anayeweza kuzihimili.

Saa tatu za mtaalamu hazipatikani Kilwa, na si hapa tu: Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba katika baadhi ya nchi za kipato cha chini na cha kati wataalamu wa utengamao hawafiki 10 kwa kila watu milioni moja. Hata penye wataalamu, muda wa kliniki ni mdogo kuliko unavyodhaniwa, maana uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009 katika vituo vya Marekani na Kanada ulihesabu wastani wa marudio 32 tu ya matendo ya mkono katika hudhurio moja, wakati majaribio ya maabara juu ya wanyama yaliyoonyesha ubongo ukijipanga upya yalitumia mamia kwa siku. Pengo hilo huzibwa nyumbani. Mkono uliopooza unaweza kushikishwa kazi za kawaida, kama kuchambua mchele kwenye ungo, kusogeza kikombe kutoka upande mmoja wa meza hadi mwingine, kumenya chungwa kwa kusaidiwa na mkono mzima, kukunja kanga. Kila kazi kwa mafungu ya marudio 20 au 30, mara kadhaa kwa siku, na mapumziko katikati.

Hata hivyo familia haipaswi kuachiwa mzigo wote. Utafiti mkubwa wa India uliochapishwa mwaka 2017, uliohusisha wagonjwa 1,250, uliwafundisha ndugu hospitalini ili waendeleze tiba nyumbani, na baada ya miezi sita hali ya wagonjwa wao haikuwa bora kuliko ya wale waliopata huduma ya kawaida. Hukumu inayoweza kutolewa kwa tahadhari ni kwamba mafunzo mafupi yasiyo na ufuatiliaji hayatoshi, na kwa mgonjwa wa kiharusi akiba ya fedha za safari itumike mapema: kila siku akiwa bado wodini, mara mbili au tatu kwa wiki katika miezi mitatu ya kwanza ikiwezekana kwa kuhamia kwa jamaa aliye karibu na hospitali, kisha mara moja kwa wiki mbili hadi mwezi wa sita, na hatimaye mara moja kwa miezi mitatu. Kuchelewa kuanza ni hasara, lakini pupa nayo ina madhara, kwani utafiti wa kimataifa wa mwaka 2015 wenye wagonjwa zaidi ya 2,000 ulionyesha kwamba kumwinua mgonjwa kwa nguvu na mara nyingi ndani ya saa 24 za mwanzo kulipunguza uwezekano wa matokeo mazuri. Bega la upande uliopooza lisivutwe wakati wa kumwinua au kumvisha nguo, kwa kuwa misuli inayolishikilia imelegea. Na dawa za shinikizo la damu zisikatizwe, maana kiharusi cha pili hufuta kazi ya miezi yote.

Watoto

Mtoto anayezaliwa na mguu kifundo, yaani unyayo uliopinda kuelekea ndani, ana ratiba iliyo wazi kuliko zote. Njia iliyobuniwa na daktari Ignacio Ponseti huko Iowa, Marekani, huunyoosha mguu kwa plasta zinazobadilishwa kila wiki, kwa kawaida mara 5 hadi 7, ikifuatwa mara nyingi na mkato mdogo wa kano ya kisigino na plasta ya mwisho ya wiki tatu. Hapo mguu huonekana umenyooka, na hapo ndipo wazazi wengi hupotea njia. Mtoto bado anatakiwa kuvaa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa fito kwa saa 23 kila siku kwa miezi mitatu, kisha usiku na wakati wa usingizi wa mchana hadi afikishe miaka 4 au 5, na sababu kubwa ya mguu kupinda tena ni kuviacha viatu hivyo. Safari za kila wiki ni za miezi miwili au mitatu, na ndizo zisizoweza kuahirishwa hata kidogo. Zinazobaki ni za kukagua na kubadilisha viatu mtoto anapokua.

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo, yaani udhaifu wa mjongeo unaotokana na ubongo kudhurika kabla, wakati au muda mfupi baada ya kuzaliwa, hana tarehe ya kumaliza, na mzazi anayeambiwa aje kila wiki kwa miaka mingi huchoka na kukata tamaa kabla ya mwaka kwisha. Utaratibu unaofaa zaidi ni wa awamu: kipindi cha wiki 6 hadi 8 chenye lengo moja, kama kukaa bila kushikwa au kushika kijiko, kikifuatiwa na miezi ya kuendeleza nyumbani, kisha awamu mpya yenye lengo jipya. Utafiti wa Australia wa mwaka 2009 juu ya programu za nyumbani ulipata mafanikio ndani ya wiki 8 kwa wazazi waliofanya mazoezi na watoto wao wastani wa mara 17 hivi kwa mwezi, kila mara kwa zaidi kidogo ya robo saa. Robo saa hupatikana wakati wa kuoga, kuvishwa na kulishwa, bila kumtenga mama na shamba.

Mgongo, maumivu na dalili za hatari

Maumivu mapya ya mgongo ya mtu anayebeba ndoo, kuni au magunia hupungua sana ndani ya wiki 6 kwa wengi, hata kwa tiba kidogo, mradi asilale kitandani zaidi ya siku moja au mbili. Mahudhurio matatu hadi sita yaliyotandazwa katika miezi miwili yanatosha, na anayeuziwa "kozi" ndefu ya kuwekewa mashine za joto na umeme bila kufundishwa zoezi lolote ana sababu ya kuhoji.

Maumivu wakati wa zoezi hayamaanishi madhara kila mara. Kipimo kinachotumiwa na wengi ni cha 0 hadi 10, ambapo 0 ni kutokuwa na maumivu kabisa na 10 ni maumivu yasiyovumilika: zoezi linalofikisha 5 na maumivu yakarudi kwenye hali ya kawaida kesho yake asubuhi linaendelea, na lile linalouacha mwili na maumivu zaidi au uvimbe asubuhi inayofuata hupunguzwa kwa nusu badala ya kuachwa. Ila ziko dalili ambazo haziulizi tarehe ya kliniki. Shavu moja la mguu likivimba na kuuma ghafla baada ya mvunjiko au upasuaji, pumzi ikikata pamoja na maumivu ya kifua, haja ndogo ikishindikana kutoka au kuzuilika huku sehemu za siri zikifa ganzi, vidole ndani ya plasta vikiwa baridi na maumivu yakizidi kila saa, au uso na mkono vikilegea upande mmoja, mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Kuacha na kupanga kwa majira

Mahudhurio huachwa kwa sababu moja kati ya tatu: lengo limefikiwa na limedumu kwa mwezi mmoja bila msaada wa mtaalamu, vipimo vimesimama palepale kwa wiki 6 licha ya mazoezi kufanywa kweli na ugumu kupandishwa, ambapo mgonjwa anahitaji daktari amchunguze upya badala ya tarehe nyingine ya mazoezi yaleyale, au mgonjwa ameyamudu mazoezi kiasi kwamba hudhurio halimwongezei kitu. Maumivu kwisha si mojawapo. Maumivu hutangulia kuondoka na udhaifu hubaki nyuma, na anayerudi kupanda mnazi siku maumivu yanapokwisha anaweza kuanguka mara ya pili kwa mguu uleule.

Mpango wa mwaka mzima nao uzingatie fedha na barabara. Fedha za ufuta huingia katikati ya mwaka na za korosho kuanzia Oktoba, kwa hiyo tiba isiyo ya dharura, kama ya goti lililochakaa au bega la muda mrefu, inaweza kuanzishwa katika miezi hiyo ili mahudhurio mengi ya mwanzo yaangukie wakati kaya ina uwezo na njia ni kavu. Mwezi wa Ramadhani hauhitaji kuvunja ratiba. Mazoezi mazito husogezwa baada ya futari na mepesi hubaki asubuhi, na mgonjwa wa kisukari anayefunga apange hayo na daktari wake kwanza. Wakati wa mvua njia za Umatumbi huteleza, na hata barabara kuu haina uhakika, kama ilivyoonekana Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilipokata njia ya Dar es Salaam na Lindi eneo la Somanga. Mgonjwa aliye katikati ya tiba aingie katika majira hayo akiwa na mazoezi ya wiki sita yaliyoandikwa daftarini kwa ngazi tatu za ugumu, akijua kwa kipimo gani anapanda ngazi na kwa kipimo gani anashuka, na aiahirishe tarehe kwa simu badala ya kuiacha ipite kimya, kwa kuwa faili la asiyeonekana bila taarifa huweza kufungwa na mgonjwa kulazimika kuanza tena kwa kuomba rufaa mpya.